Neno "native": kutoka kwa kuku hadi kipande

Naandika kutoka Zombe, mashariki ya Kitui, ambako jua halina mzaha na mtandao huja unapopenda wenyewe.

Wiki hii nimekuwa nikitafsiri kwa Kiswahili programu ndogo niliyowaandikia wachuuzi wa kuku wa soko letu. Ni programu ya kawaida ya simu: unaandika umenunua kuku wangapi, kwa nani, kwa bei gani, na umeuza wangapi. Maneno yake ya Kiingereza yote yako kwenye faili moja, mstari kwa mstari, na kila mstari unasubiri Kiswahili chake. Mistari mingi ilikwenda haraka. Neno moja ndilo lililonikalisha mpaka usiku.

Neno lenyewe ni "native". Limo mara tatu kwenye faili, na kila mara lina maana yake. Kwanza ni aina ya kuku. Pili, fomu ya kujiandikisha inamwuliza mtumiaji "native language" yake. Tatu, kuna ujumbe wa hitilafu unaosema "native library" haikupatikana. Halafu rafiki yangu anayefundisha historia akaniletea la nne: ramani ya Ukambani ya enzi za ukoloni, aitakayo kwenye tovuti ya wanafunzi wake, yenye maandishi makubwa "Kitui Native Reserve". Hiyo nayo akataka iwe kwa Kiswahili.

Ukifungua kamusi unapewa orodha: mwenyeji, mzaliwa, -a asili, -a kienyeji. Chagua mwenyewe. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayalingani hata kidogo, na ukichagua ovyo unaweza kumpa mtu shamba ambalo sheria ilimnyima. Hebu tuanze mbali kidogo.

"Native" limetoka kwa Kilatini, nativus, na mzizi wake ni kitenzi cha kuzaliwa, nasci. Ukoo wake ni mkubwa. "Nation" ni ndugu yake, "nature" pia, na hata Noel ya Wafaransa, yaani Krismasi. Ndugu mwingine ni Natal, pwani ya Afrika Kusini. Vasco da Gama alipita hapo siku za Krismasi mwaka 1497 na kupaita hivyo kwa ajili ya kuzaliwa kwa Yesu, kabla ya kuendelea kaskazini na kutia nanga Malindi mwezi Aprili 1498. Lakini ndugu anayenichekesha zaidi ni "naive", yaani mjinga asiyejua mambo ya dunia. Nalo ni nativus lile lile, lililopitia kinywa cha Wafaransa na kutoka na sura nyingine. Aliyebaki jinsi alivyozaliwa, bila kufunzwa, akawa mjinga. Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa sikiliza jambo ambalo shuleni hawakutuambia. Katika Uingereza ya karne ya 12 na 13 wanasheria waliandika kwa Kilatini, na katika Kilatini hicho cha mahakamani nativus alikuwa mtwana wa kuzaliwa. Kwa kuwa wazazi wake walikuwa watwana wa bwana fulani mwenye ardhi, naye alikuwa hivyo tangu tumboni. Alilima kipande chake cha shamba kwa hiari ya bwana, siyo kwa haki yake mwenyewe, na hakuruhusiwa kuhama bila ruhusa. Akitoroka, bwana alikwenda kuchukua hati iliyoitwa de nativo habendo, maana yake "kuhusu kumpata nativus", kisha mtu akasakwa na kurudishwa. Ulikuwepo mwanya mmoja. Kama mtoro angeweza kuishi mwaka mmoja na siku moja katika mji wenye hati yake ya kifalme, bila bwana kumdai, alihesabiwa huru.

Kwa hiyo kabla Mwingereza hajamwita mtu yeyote wa Afrika "native", alikuwa amekwisha kumwita hivyo Mwingereza mwenzake, na hakuwa akimsifu.

Kabla hatujawacheka, tuangalie nyumbani. Kwenye pwani ya Waswahili ya karne ya 19, kuanzia Unguja na Pemba hadi Mombasa na Malindi, lilikuwepo neno lililojengwa vile vile kabisa: mzalia. Nalo limetoka kwenye kuzaliwa. Wazalia walikuwa watumwa waliozaliwa pwani, nyumbani kwa bwana, waliojua Kiswahili, waliolelewa katika Uislamu na kufahamu desturi za mji. Chini yao walikuwa watumwa wapya walioletwa kutoka bara, na unajua hao waliitwaje? Wajinga. Neno hilo hilo tunalotupiana leo barabarani lilimhusu mtu aliyefika juzi, asiyejua lugha wala mahali maji yanapochotwa. Mzalia alijivunia kwamba yeye si mjinga.

Ulaya, aliyezaliwa mahali akawa mjinga. Pwani yetu, mjinga alikuwa mgeni na mzaliwa ndiye mjuzi. Maana ziligeuzana kama kandambili zilizovaliwa gizani, lakini pande zote mbili kuzaliwa kulikuwa pingu.

Haya, twende Kenya. Ukisoma sheria za kikoloni kwa jicho la mwandishi wa programu, utaona kwamba "native" halikuwa neno la matusi tu midomoni mwa masetla. Lilikuwa safu kwenye jedwali, yenye majibu mawili: ndiyo au la. Jibu hilo moja ndilo lililoendesha mengine yote. Kama ni ndiyo, unalipa kodi ya kibanda na kodi ya kichwa kwa utaratibu wa peke yako, kesi zako za kimila zinakwenda kwenye mabaraza ya peke yako, unaishi kwenye eneo ulilotengewa, na shamba katika nyanda za juu za Wazungu si lako kununua. Na ikiwa ni mwanamume wa miaka 16 au zaidi, unabeba kipande.

Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ila kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Jina lake lilikuwa Native Registration Ordinance. Karatasi hiyo ilikuwa na jina, wilaya, kabila, alama za vidole, na sehemu ya mwajiri kuandika tarehe ya kuanza kazi, mshahara na tarehe ya kumaliza. Iliwekwa kwenye kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Nikivua kofia ya historia na kuvaa ya kazi yangu, nakiri mfumo huo ulibuniwa na mtu aliyejua anachotaka. Kila rekodi ina nambari yake, alama za vidole zinazuia mtu mmoja kuwa na rekodi mbili, na nakala ya kila kitu iko Nairobi. Kitu cha hatari kilikuwa ile sehemu ya kumaliza kazi. Mwajiri asipoitia sahihi, wewe hujamaliza, na mwajiri mwingine haruhusiwi kukuchukua. Ukiondoka hivyo hivyo umetoroka, na kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai, siyo ugomvi wa watu wawili. Kijana wa Kitui aliyekimbia shamba la mkonge au la kahawa angeweza kupatikana kupitia ofisi ya kumbukumbu. Nativus wa Uingereza alikuwa na mwaka mmoja na siku moja. Nairobi haikuwa na mwanya huo.

Na ardhi je? Hapa ndipo ramani ya rafiki yangu inapouma. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilihesabu ardhi waliyokalia wenyeji kuwa ya Taji la Uingereza. Mwaka 1920 nchi ikafanywa koloni. Mwaka 1921, katika kesi ya Wainaina wa Gathomo na Murito wa Indangara iliyohusu shamba la Kiambu, Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua kwamba haki zozote ambazo "natives" walikuwa nazo juu ya ardhi zilikuwa zimekwisha. Wao sasa walikuwa wapangaji wa Taji, wanaokaa kwa hiari ya Taji.

Soma tena. Wanaokaa kwa hiari ya mwenye ardhi. Hiyo ndiyo hali ya nativus wa karne ya 13, karibu neno kwa neno, imevushwa bahari na kuwekwa juu ya mlima wa Kiambu na tambarare za Kitui kwa pamoja. Sidai kwamba Barth alikaa na vitabu vya zamani akaamua kutufanya watwana wa Kiingereza. Lakini lugha ya sheria ina kumbukumbu ndefu kuliko watu wanaoitumia. Sisi wa programu tunajua: unarithi msimbo ulioandikwa na mtu aliyestaafu zamani, nao unaendelea kufanya alichoutuma.

Maeneo yenyewe yalitangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali mwaka 1926, na sheria ya amana ya ardhi ya 1930 ikaahidi kwamba yatakuwa ya "natives" milele. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, na mwaka 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa uchimbaji bila masharti ya mwanzo. Milele ilidumu miaka miwili.

Sasa weka kando ya hayo neno letu mwenyeji. Ndani yake mna -enye, ile ile ya mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye mali. Wengi hulifungua kuwa mwenye mji. Mwenyeji ndiye anayemkaribisha mgeni, anayempa maji na kumwonyesha pa kulala, na mgeni huomba kwake. Kingereza kinamtaja mtu kwa tendo ambalo yeye mwenyewe hakulifanya, yaani kuzaliwa. Kiswahili kinamtaja kwa alicho nacho. Ukitafsiri "Native Reserve" kuwa "Hifadhi ya Wenyeji", umeandika kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe, wakati mahakama ilikuwa imetamka kinyume chake. (Na "hifadhi" yenyewe kwetu huku ni ya wanyama. Tunayo moja kusini, South Kitui National Reserve. Mwanafunzi atadhani babu zake walikuwa wakilindwa pamoja na twiga.)

Kila mwandishi wa programu anajua kwamba safu ya ndiyo na la huharibika pembeni, kwa wale wasiokaa vizuri upande wowote. Safu hii iliharibikia kwa Waswahili wenyewe. Mombasa, Mwarabu alihesabiwa si "native" na Mswahili akahesabiwa kuwa "native", ingawa walioana, walisali msikiti mmoja na kukaa mtaa mmoja. Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walipigania jambo hilo miaka mingi hadi walipopewa hadhi sawa na Waarabu mwaka 1952, miaka michache tu kabla ya mpangilio wote kuporomoka. Wasomali wa ukoo wa Isaaq nao, kati ya 1936 na 1941, walidai wawekwe kundi moja la kodi na Waasia, ingawa Waasia walitozwa zaidi. Watu wanaandamana ili waongezewe kodi! Haieleweki mpaka ujue ni safu gani walikuwa wakiikimbia.

Baada ya Vita vya Pili neno likaanza kuona haya. Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Mabaraza yaliyoitwa Local Native Councils tangu miaka ya 1920, Kitui ikiwa na lake, yakawa African District Councils mwaka 1950. Mwaka uliofuata mahakama nazo zikabadilishwa jina vivyo hivyo. Palipokuwa na "Native" pakaandikwa "African". Kazi ya kutafuta na kubadilisha, kama tufanyavyo kwenye kihariri matini, huku msimbo ulio chini ukibaki vile vile kwa miaka kadhaa.

Kwa mifugo, neno liliishi zaidi. Maafisa wa kilimo waliandika "native cattle" kwa maana ya ng'ombe wadogo, wengi mno, wanaokula ardhi. Mwaka 1938 serikali iliamua kuwapunguza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba wa Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, na kuwauza kwa bei ya chini kwa kiwanda cha Liebig cha Athi River. Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi kwa miguu wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko wakidai kumwona Gavana. Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini ng'ombe wakaacha kuuzwa kwa nguvu. Leo ana barabara yake katikati ya Nairobi. Waliokuwa wakitembea siku zile hawakudhani kamwe kwamba ng'ombe wao ni wa daraja la chini. Walijua ni ng'ombe wanaovumilia kiangazi.

Kiswahili kikachukua "native" hilo la vitu na kulipa jina kienyeji. Dawa ya kienyeji, pombe ya kienyeji, ng'ombe wa kienyeji. Pamoja na jina ikaingia dharau, hadi leo tunasema mtu amefanya jambo kienyeji tukimaanisha amelifanya bila mpango. Nimewahi kusema hivyo kuhusu msimbo wa wenzangu. Lakini kwa kuku mambo yamepinduka. Nenda soko la Zombe umwulize bei mama anayeuza.

"Mama, huyu ni wa kienyeji?"

"Kwani hapa kuna wa gani tena, mwanangu?"

Kisha atakutajia bei, na utajua kwa nini mteja wa Nairobi huuliza hilo kwanza. Kuku wa kienyeji anauzwa ghali kuliko wa gredi. Watafiti wa KARI, ambayo sasa ni KALRO, wakatoa kuku wa kienyeji walioboreshwa, na wachuuzi wangu wanasisitiza hao wawe na mstari wao peke yao kwenye programu, kwa sababu mteja akionja anajua. Basi mstari wa kwanza umeisha: kienyeji. Hapo sina shaka. Na "native language" nimeandika lugha ya kwanza, nikapita.

Kwenye kompyuta lina maana gani? Lugha ya Java, iliyotoka rasmi mwaka 1996, ina neno hili kama neno lake la ndani. Ukiandika "native" mbele ya kazi fulani, unasema: hii haikuandikwa kwa Java, itafute nje, kwenye msimbo uliotungwa kwa ajili ya mashine hii hii, mara nyingi kwa lugha ya C. Angalia ni nani anasema. Java inakaa juu ya mashine kama mgeni, ina mkalimani wake, inaweza kuhamia mashine nyingine kesho. Ni mgeni ndiye anayemwita mwenye mahali "native".

Kuna mfano ulio wazi zaidi. Java ilikuwa na kijiprogramu kiitwacho native2ascii, kilichoondolewa kwenye toleo la 9 mwaka 2017. Kazi yake ilikuwa kuchukua faili lenye herufi za watu wengine na kuliandika kwa herufi chache za Kimarekani za ASCII. Ukikipa Kĩtui, jinsi Wakamba tunavyoandika, kinakurudishia K\u0129tui. Katika jina la kijiprogramu hicho "native" ilikuwa herufi yoyote isiyo ya makao makuu. Mkuu wa wilaya yeyote wa mwaka 1926 angeielewa bila kufundishwa.

Mwaka 2001, Mmarekani Marc Prensky alileta sura nyingine: vijana waliozaliwa kwenye dunia ya kompyuta akawaita "digital natives" na wakubwa wao wahamiaji wenye lafudhi. Hapo aliyezaliwa mahali ndiye mjuzi na mgeni ndiye mshamba. Kumbe ni wazalia na wajinga, wamevaa suruali za jeans.

Nirudi kwenye mstari wa tatu, ule wa hitilafu. Sehemu ya programu yangu inayosoma picha za risiti imeandikwa kwa C, na C hugeuzwa kuwa maagizo ya kichakataji fulani hasa. Iliyogeuzwa kwa kichakataji cha biti 64 haifanyi kazi kwenye simu za bei nafuu za biti 32, ambazo sokoni bado zipo. Usipofungasha matoleo yote mawili, simu inalalamika. Nikiandika "maktaba ya kienyeji haikupatikana", mchuuzi atafikiri nimekosea mahali pa kuku. "Maktaba asilia" nayo inasikika kama dawa ya mitishamba. Nimeandika: sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hii yenyewe haikupatikana. Ni ndefu, ndiyo. Lakini "yenyewe" ni mtoto wa -enye, sawa na mwenyeji, na mtu anaelewa kwamba kosa liko kati ya programu na simu yake.

Ramani ndiyo iliyobaki. Niliandika "Eneo la Wenyeji la Kitui" nikalifuta, nikajaribu "Eneo la Wazaliwa", nalo likasikika kama wodi ya kujifungulia. Mwishowe nimeliacha jina kama lilivyochapwa, Kitui Native Reserve, na chini yake nimeweka maelezo: native, kwa sheria ya Kenya ya wakati huo, ni Mwafrika aliyehesabiwa mpangaji wa Taji kwenye ardhi ya wazee wake. Maelezo hayo hayatoshi kwenye kioo cha simu ndogo, kwa hiyo yatafunguka tu ukigusa jina. Mwalimu amekubali, ila anataka na mwaka 1921 uwemo.